Kromi za Magari Madogo ya Ndosho

Furaha, aliyebaki na burashi zangu, ameniomba niandike mambo haya kwa sababu nikiyasimulia kwa mdomo, anasema, ninaruka nusu. Ni kweli. Mikono iliyofanya kazi moja kwa miaka ishirini na sita inajua mengi ambayo mdomo haujawahi kuulizwa. Kwa hiyo ninaandika, asubuhi, nikiwa na miwani mbili, moja puani na nyingine shingoni, na ninawaandikia ninyi mliobaki kwenye meza ile. Msitafute humu habari za vyeo. Atelie yetu, karakana ndogo, ilikuwa na watu watano na ngazi moja tu, ile ya kupandia darini kuchukua mbao.

Kwa atakayesoma bila kutufahamu: kule Ndosho, mtaa wa Goma, nyuma ya mafundi wa kuchomelea vyuma, kuna nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Humo Muzee Ramazani alianzisha kazi ya kutengeneza magari madogo. Si ya kuchezea. Ni magari yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, yaliyochongwa kwa mti wa libuyu, yenye viti, usukani, na vioo vilivyokatwa kwenye picha za eksirei za hospitali, zilizooshwa kwa maji ya javeli, yale ya kuondolea madoa, mpaka mifupa ya wagonjwa ikatoweka. Mtu analeta picha ya gari lake, anaondoka na gari lake. Muzee na maseremala wake wawili walichonga. Wa nne alipaka rangi ya bodi kwa pampu ya kupulizia. Wa tano alipaka kromi kwa mkono: parashoki, yaani bampa, ya mbele na ya nyuma, fito za pua, duara za taa, vishikio vya milango, mistari myembamba ya ubavuni, vifuniko vya magurudumu. Kila kitu ambacho kwenye gari la kweli ni chuma kinachong'aa, kwetu kilikuwa ubao na burashi. Mwanzoni wa tano alikuwa Papa Kambale. Baadaye nilikuwa mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa Kituku, nikiandika majina kwenye mitumbwi. Familia yetu ilitoka Butembo, na watu wa Butembo hawajui mambo ya ziwa, lakini mkono wangu ulikuwa umenyooka na wavuvi hawakutaka zaidi ya hapo. Mara nyingi yalikuwa majina ya watakatifu, mara chache jina la mwanamke ambaye hakuwa mke wa mwenye mtumbwi. Siku moja mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alikuja kununua sambaza, akasahau samaki, akasimama mbele ya mtumbwi niliokuwa nimemaliza. Hakutazama jina. Alitazama mstari mwembamba chini ya jina, akaniuliza kama nilitumia rula. Nilimwambia rula hailali juu ya ubao uliopinda. Alifikiri kidogo, akanielekeza njia ya Ndosho, akasema nije Jumatatu. Huyo ndiye Muzee Ramazani. Wazazi wake walikuja kutoka Kasongo kufanya biashara. Yeye alifunga atelie Ijumaa saa za swala, sisi Wakatoliki tulitaka Jumapili, kwa hiyo kila wiki tulikuwa na mapumziko mawili na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu hiyo nilikuja na burashi zangu tatu zimefungwa kwenye kitambaa. Papa Kambale hakuziangalia. Alikuwa mtu wa maneno machache, amepaka magari ya kweli kwenye garaji kwa miaka mingi mpaka mgongo ukamkataza kuinama. Aliniambia niziache mezani, tutoke nje. Tulisimama kando ya barabara mpaka gari moja jeusi aina ya jipu likaegeshwa, na dereva akaingia kununua sigara. Papa Kambale alinionyesha parashoki yake.

"Ile iko rangi gani?"

Nilisema silva.

"Angalia muzuri."

Niliinama. Niliona juu weupe wa mawingu. Chini niliona mawe meusi, na kati yao mstari mkali kama uliokatwa kwa wembe. Mama mmoja alipita na bidoni ya maji mgongoni, na bidoni ile ikapita ndani ya parashoki, njano, imenyooshwa kama ulimi. Niliona pia nguo yangu ya bluu na uso wangu, umepanuka.

"Silva iko wapi?" aliniuliza.

"Haiko, papa."

"Basi tuingie."

Hilo lilikuwa somo lote la siku ya kwanza. Mchana wote uliobaki nilifagia. Lakini ninawaambia, sijawahi kufundishwa jambo kubwa zaidi ya hilo, wala shule niliyosoma haikunipa kitu kama hicho kwa miaka sita. Kromi haina rangi yake. Inakopa ya jirani. Gari la Goma likipakwa kromi linatakiwa kuwa na mawingu juu na mawe meusi chini. Wapo wanaopaka chini kahawia kwa sababu wameona hivyo kwenye picha za nchi nyingine. Magari hayo yanaonekana yamepotea njia, na mteja hajui kwa nini hayapendi.

Mengine ni ya mkono, na nitayaandika kama Papa Kambale alivyonipa, kidogo kidogo. Chini weka nyeusi ya kung'aa, uache ikauke siku mbili, si moja. Rangi ya aluminiamu ni ile ile ya kopo inayouzwa kwa wajenzi. Usiitikise. Watu wote hutikisa kopo kwa sababu wameambiwa watikise. Unga ulio mzuri unaelea juu kama utando wa maziwa. Huo ndio unaoutaka, uuchote kwa ncha ya burashi, ulio chini waachie wanaopaka mabomba. Burashi nzuri hazipo kwa wauza rangi. Zipo Birere kwa wauza vipodozi, ni zile ambazo dada zetu wanachorea macho. Kidole cha mwisho kikae mezani. Burashi isimame, gari ndilo litembee. Ukikosea, usifute kwa kidole. Chukua kijiti cha meno, kichovye kwenye diluani, ile dawa ya kuyeyusha rangi, kwangua. Vumbi la Ndosho halikuombi ruhusa, basi kila ulichomaliza kifunike kwa beseni. Wala usipake verini, ile vanishi ya mbao, juu. Verini inaizima kromi. Mteja mmoja aliipaka mwenyewe nyumbani ili idumu. Ilidumu, kwa rangi ya sufuria.

Wiki ya tano alinipa vishikio vya milango. Mwezi wa nne alinipa duara za taa. Parashoki ya mbele nilisubiri mwaka na zaidi. Wakati huo nilidhani ni uchoyo. Jipu za walinzi wa mbuga wa Rumangabo ndizo nilizozipenda, kwa sababu hazina kromi hata chembe, na zilipoagizwa nilikuwa na siku nzima ya kuosha burashi na kusikiliza redio.

Papa Kambale aliondoka mwaka wangu wa saba. Watoto wake walimwita Butembo, wakasema mgongo ule utapona vizuri zaidi karibu na shamba. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akaniambia kopo la aluminiamu linakaribia kuisha. Sikumwona tena. Habari ya kifo chake ilitufikia kwa dereva wa basi, tukafunga nusu siku, na Muzee Ramazani, ambaye hakuwa wa dini yake, alisimama mlangoni mwa kanisa mpaka misa ikaisha.

Sasa nitaandika jambo ambalo Furaha anadhani ninaliruka kwa kusahau. Sikulisahau.

Ilikuwa mwaka mmoja hivi baada ya Papa Kambale kuondoka. Mwanamume mmoja aliingia atelie akiwa ameweka mkono begani kwa mke wake. Jina lake lilikuwa Papa Kasereka, na mkewe Mama Masika. Alikuwa ameendesha lori la pua ndefu kati ya Goma, Butembo na Beni tangu ujana wake, mara nyingine mpaka Kampala, kisha macho yakaanza kufunga pembeni, yakaendelea kufunga mpaka katikati. Alikuwa haoni kitu. Lori lilikuwa limeuzwa na aliyelinunua alikuwa amelivunja vipande. Alitaka alipate tena, dogo.

Muzee alimwomba picha. Hapakuwa na picha. Papa Kasereka alisema picha anayo, akagonga paji la uso wake. Alikaa kwenye kiti chetu cha wateja akalisema lori lile kuanzia mbele hadi nyuma, bila haraka, huku Muzee akiandika. Alipofika kwenye kromi aliniuliza kama ninasikiliza. Lori lilipotoka kiwandani halikuwa na kromi yoyote. Zote alizinunua mwenyewe Kampala, kila safari kipande kimoja: safari moja duara za taa, safari nyingine fito saba za pua, nyingine mstari wa ubavuni. Madereva wenzake walimcheka, wakasema anavalisha ng'ombe hereni. Ilimchukua zaidi ya miaka minne kumaliza, na lori lilipokamilika wale wale waliomcheka walikuja kujichana nywele mbele ya parashoki yake.

Muzee alichonga bodi, Papa Kasereka akaja mara mbili kuipapasa, akasahihisha paji la kabini na upana wa matope, yaani yale mabati juu ya magurudumu. Kisha likaja mezani kwangu.

Wiki hiyo hiyo mgeni mmoja aliyekuwa ameagiza magari sita alikuwa anasafiri Alhamisi. Muzee hakunisukuma; nilijisukuma mwenyewe. Nililipaka lori mbele, nyuma na upande wa kuume kama inavyotakiwa, nyeusi, aluminiamu, mstari wa mawe. Upande wa kushoto ulikuwa bado. Siku zile zilikuwa zimeingia sokoni kalamu za wino wa silva, zile ambazo makarani wanaandikia kwenye faili nyeusi. Tulikuwa nayo moja ya kuandikia namba za gari. Nilichukua kalamu ile, nikachora mstari wa ubavu wa kushoto, kishikio cha mlango na ukingo wa daraja la kupandia. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Kwa mbali hakukuwa na tofauti. Nilijiambia lori litakaa kwenye kabati, na mwenyewe, sawa, mnajua nilijiambia nini.

Walikuja kulichukua Jumamosi. Papa Kasereka alikaa, akaliweka mapajani. Vidole vyake vilianza kwenye parashoki ya mbele, vikahesabu fito saba, vikazunguka taa. Alitumia ukucha wa kidole gumba. Rangi iliyopakwa mara tatu ina ukingo. Jicho haliuoni, ukucha unauona. Alifuata mstari wa kuume mpaka mwisho akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akavuka pua ya lori, akashuka kushoto. Ukucha ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena.

"Huku kromi iko," alisema akigusa kuume. "Huku haiko."

Mama Masika aliinama, akaangalia pande zote mbili. "Iko, papa. Mi naiona. Inang'aa."

"Haiko."

"Papa, mi niko na macho. Iko."

Papa Kasereka aligeuza uso kuelekea mahali nilipokuwa nimesimama, ingawa sikuwa nimesema kitu. Muzee Ramazani naye aliniangalia. Mama Masika alikuwa tayari kunitetea, na nusu dakika zaidi angemshawishi mumewe kwamba vidole vyake vimezeeka. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo, na ninakiri niliihesabu.

"Ni kalamu, papa," nilisema. "Huo upande nilichora na kalamu."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Ningeweza kumtaja mgeni wa Alhamisi. Ningeweza kusema kopo liliisha.

"Nilifikiri hautaona."

Fundi wa pampu aliacha kupampu. Mama Masika alijifunga kitenge upya, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Papa Kasereka alibaki na gumba kwenye mlango wa kushoto.

"Mu hii lori, mimi nilikuwa nakaa huku," alisema mwisho. "Kushoto. Kuume nilikuwa nakuona siku ya kubadilisha mipira ya magurudumu tu."

Muzee alitaka lori libaki ili nilirudie. Papa Kasereka alikataa. Alisema limeshawahi kutoka mikononi mwake mara moja. Aliyelipaka ndiye atakayelifuata. Alitaja nyumba yake, juu ya Kituku, akaniambia nije baada ya saa tisa, maana kabla ya hapo anasikiliza habari.

Nilikwenda alasiri nne. Nilibeba kopo, burashi, diluani na beseni la kufunikia, na nilipanda kilima kile kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Mama Masika alifungua mlango, akanionyesha meza karibu na dirisha, akarudi jikoni. Siku ya kwanza nilifuta kazi ya kalamu na kuweka nyeusi. Papa Kasereka alikaa upande wa pili wa meza. Aliniuliza niko wapi. Nilisema kishikio cha mlango. Alisema kishikio kile kilikuwa kinakwama wakati wa mvua, na alikuwa akikifungua kwa kukigonga na goti. Nikasema sasa niko kwenye daraja la kupandia. Akasema hapo mkewe alikaa siku nzima Kanyabayonga wakisubiri barabara ikauke, akimenya viazi. Kutoka jikoni Mama Masika alisema zilikuwa siku mbili. Nilipaka. Nyeusi ilitakiwa ikauke siku mbili, kwa hiyo nilirudi siku ya tatu, na safari hii nilipewa chai.

Alasiri ya pili niliweka aluminiamu, si tabaka moja, matatu, ili mstari usimame juu ya ubao na ukucha uusome. Sikuwahi kupaka hivyo. Alipokuwa akiugusa alasiri ya tatu, ukiwa umekauka, alikwenda mpaka mwisho bila kusimama, akarudi. Kisha aliweka kidole kwenye kona ya kushoto ya parashoki ya mbele na kuniambia hapo pana kosa. Nilijitetea; hapo nilikuwa nimepaka vizuri. Alisema ndiyo, ni pazuri mno. Hapo palikuwa pamebonyea.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mwanzoni. Alisema mwanzoni alitaka lori jipya.

Alinisimulia. Walikuwa wanateremka Kabasha, lori limebeba maharage na juu ya maharage watu kama ishirini. Breki zilikufa. Upande wa kuume palikuwa na shimo ambalo kila dereva wa njia ile analijua. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta wa mwamba. Alilileta lori kushoto, polepole kadiri lilivyokubali, akalisugua ukutani, akashika usukani huku mwamba ukipita karibu na kiwiko chake, mpaka parashoki ikauma jiwe na lori likasimama. Watu wote walishuka kwa miguu yao. Mama mmoja alipoteza kiatu. Kromi ya kona ile ilibonyea kiasi cha ngumi, na hakuruhusu fundi yeyote kuinyoosha.

"Yule alinunua lori, kwanza aliuliza bei ya kutengeneza ile kona," alisema. "Njo pale nilijua kama amenunua mabati tu."

Sikuwahi kuharibu parashoki iliyokamilika. Nilimwomba Mama Masika kisu kidogo. Alinipa, akabaki amesimama. Nilichimba kona ile kidogo kidogo, yeye akigusa na kusema bado, bado, tena kidogo, mpaka akanyamaza. Nililainisha kwa msasa, nikaweka nyeusi, nikarudi ilipokauka. Rangi ilikuwa kazi nyingine, maana kromi iliyobonyea inageuza dunia: mawe yanapanda juu, mawingu yanashuka chini. Yeye asingeona hilo. Nililipaka hivyo hivyo, mawe juu, mawingu chini, na ilinichukua muda mrefu kuliko parashoki nzima.

Rangi iliposhika, Mama Masika aliliangalia kwa karibu. Alisema, si kwangu, alisema kwa mumewe, kwamba sasa ndilo lenyewe. Papa Kasereka alitia ncha ya kidole katika lile shimo dogo akakiacha pale. Nilifunga kopo langu. Alikuwa bado hajakitoa nilipoaga, na alinijibu kwa upole lakini kama mtu aliye mbali, mahali penye mteremko.

Muzee Ramazani hakunisema kamwe kuhusu jambo lile. Jumatatu niliikuta kalamu ya silva imefungwa kwa uzi kwenye daftari la namba, uzi mfupi usiofika mezani kwangu. Kuanzia hapo, kila gari nililomaliza nililipitia nikiwa nimefumba macho, kwa ukucha, pande zote. Nawaachia hilo kama desturi ya meza. Macho yanapenda kukubali.

Madereva walianza kuja baada ya hapo. Papa Kasereka aliwatuma, sijui kwa maneno gani. Miaka ilivyokwenda wageni walipungua, barabara zilifunguka na kufungika, na wengi waliokuja walitaka gari ambalo hawakuwa nalo tena: lililochomwa, lililochukuliwa, lililobaki upande mwingine. Hatukuuliza. Tuliuliza tu fito za pua zilikuwa ngapi. Kazi ilikuwa nzuri miaka ile, nasema nzuri kama fundi, na ninajua neno hilo lina ubaya wake.

Muzee Ramazani alifariki kitandani mwake, na binti yake Mariamu akashika atelie. Ni yeye aliyemleta Furaha, akimtoa kwenye saluni ya kucha ya rafiki yake. Furaha alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, na alikuwa amechora maua kwenye kucha za nusu ya mabibi harusi wa Katindo. Nilimtoa nje siku ya kwanza, nikamwonyesha parashoki ya teksi moja na kumuuliza rangi yake. Aliitazama kidogo akaniambia iko chafu. Nilikubali kwamba alikuwa sahihi. Ilibidi tusubiri gari lingine.

Alijifunza haraka, haraka kuliko mimi, na sikuona sababu ya kumnyima parashoki ya mbele mwaka mzima. Alikuwa na mazoea ya kupaka kitu kinachosogea. Kucha za watu hazitulii, alisema. Gari likiwekwa mezani angalau halipokei simu.

Mkono wangu ulianza kunisaliti polepole. Si kutetemeka, msifikiri hivyo. Ulikuwa unachelewa. Nilikuwa ninaagiza mstari uishe mahali fulani, nao ukaisha nusu punje mbele. Nilinunua miwani ya pili. Nilihamisha meza karibu na mlango. Mariamu hakusema kitu, Furaha hakusema kitu, na kimya chao kilikuwa na adabu mno, nikaanza kukishuku.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliagiza magari mawili yanayofanana kabisa, gari la zamani la baba yake marehemu, moja la kwake na jingine la ndugu yake. Gari lile lilikuwa na kromi kila mahali, mpaka kwenye fremu za vioo. Nilimwambia Furaha apake moja nami nipake jingine, na tusimwambie mtu lipi ni la nani. Aliniangalia, akasema, "Mama Kahindo, hakuna lazima." Nilimwambia ipo.

Nilipaka kwa siku kumi na moja. Sikukimbia, sikuruka kitu, nilifumba macho nikapita kwa ukucha pande zote na ukucha haukuniambia kitu. Nilikuwa nimeridhika. Ninaandika hilo hapa kwa makusudi: nilikuwa nimeridhika.

Mteja alikuja Jumatano. Alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi, na alisimama mbele ya magari ya baba yake mikono ikiwa nyuma. Alisema asante mara kadhaa. Kisha aliinama, akatazama moja, akatazama jingine, akarudi kwenye la kwanza. Aliuliza, akichagua maneno ili asimuudhi mtu, kama hili la kulia lilipakwa na mwanafunzi. Halikuwa baya, alisema. Atalichukua yeye, na lile zuri atampelekea kaka yake mkubwa.

La kulia lilikuwa langu. Furaha alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Ndiyo, papa," nilimwambia. "Ni mwanafunzi. Lakini ni mutu wa bidii."

Alifurahi kusikia hivyo. Aliomba nimpe mwanafunzi huyo salamu zake.